Dawa zilizolala kwenye udongo

Matone ya kwanza ya mvua za vuli yanapogusa vumbi la Pugu au Kimara, hupanda harufu ambayo kila mkazi wa Dar es Salaam anaijua. Chanzo chake kikubwa ni jeosmini, kemikali inayotolewa na bakteria wa udongo wa jamii ya Streptomyces. Ndio haohao waliotupa streptomisini mwaka 1943, antibayotiki ya kwanza kutibu kifua kikuu. Ndugu yao kutoka udongo wa Japani ndiye asili ya ivermektini, dawa ambayo wakazi wa jiji hili wamekuwa wakimeza kama kingatiba ya matende na mabusha.

Kwa miongo mingi kazi ilikuwa ileile: chota udongo, otesha bakteria kwenye sahani, angalia yupi anaua wenzake. Njia hiyo ilichoka. Kemikali zilizokwisha kujulikana zikawa zinajirudia, huku vimelea vikizidi kuwa sugu. Kwa mwaka 2019 peke yake, usugu wa bakteria dhidi ya dawa unakadiriwa kusababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani.

Mwaka 2002 wanasayansi nchini Uingereza walichapisha jenomu ya Streptomyces coelicolor, yaani maandishi yote ya vinasaba vyake, herufi zaidi ya milioni 8. Bakteria huyu alikuwa amechunguzwa miaka na miaka, na antibayotiki zake zilizojulikana zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ndani ya jenomu yakaonekana makundi zaidi ya 20 ya jeni za kutengeneza kemikali za aina hiyo na nyinginezo.

Huwaambia wanafunzi wangu wafikirie sanduku la kanga la bibi. Mtaani tunamwona na doti mbili tatu, kumbe ndani zimekunjwa nyingine zinazosubiri shughuli. Bakteria naye hutumia nguvu nyingi kutengeneza sumu ya kumuua jirani. Kwenye sahani ya maabara chakula tele, adui hayupo. Azitoe za nini?

Uchimbaji wa jenomu ni kulifungua sanduku hilo. Unawezekana kwa sababu jeni za bakteria zinazoshirikiana kutengeneza kemikali moja kwa kawaida hukaa pamoja kwenye DNA. Kama kanga inavyotambulika kwa pindo, mji na jina, kundi la jeni nalo lina alama zake: jeni za vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia, vinavyojenga kiunzi cha kemikali, za vile vinavyokinakshi, na mara nyingine jeni ya kumkinga bakteria asiuawe na sumu yake mwenyewe. Hiyo ya mwisho naipenda kuliko zote, maana inaweza kudokeza sumu inapiga wapi kabla hatujaiona. Programu ya antiSMASH, iliyotoka mwaka 2011, hupitia jenomu nzima na kuonyesha makundi hayo bila malipo. Mwanafunzi wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuitumia leo.

Ila kusoma jeni si kupata dawa. Kemikali iitwayo koelikelini, ambayo bakteria huitumia kunasa madini ya chuma, ilitabiriwa kutoka kwenye jeni mwaka 2000. Kuishika mkononi kulisubiri hadi 2005, baada ya bakteria kunyimwa chuma ndipo akaitoa. Wengine huamshwa kwa kuoteshwa pamoja na adui, au jeni zao huhamishiwa kwa bakteria mwingine. Mara nyingi hakitoki kitu.

Kwa kuwa shida na adui ndivyo humwamsha bakteria, matope ya mikoko ya Kunduchi na Mbweni yananivutia. Maji ya chumvi huingia na kutoka, hewa ni haba, ushindani ni mkali. Kwenye matope ya bahari za joto ndiko wanakopatikana bakteria wa Salinispora, waliotupa kemikali iliyokwisha kujaribiwa kwa wagonjwa wa saratani.

Mama mmoja aliwahi kuniuliza: basi kwa nini tusipake matope hayo kwenye kidonda? Hapana, mama. Kemikali tunayoitafuta ni chembe kidogo mno, pengine haijatengenezwa kabisa, na udongo huohuo hubeba vimelea vya pepopunda. Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, na kikiwa kirefu au kichafu, kifike zahanati siku hiyohiyo.