Majina ya ukoo ya wahamiaji: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Dhana inayosambaa kuliko zote: eti babu alifika Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji pale New York, afisa uhamiaji akashindwa kutamka jina lake akamwandikia lingine, ukoo mzima ukabaki nalo. Hapana jamani. Kituo kile kilifanya kazi toka 1892 mpaka 1954, wakapita watu zaidi ya milioni 12, na afisa hakuwa anatunga majina, alikuwa na orodha ya abiria mkononi, ile iliyojazwa na makarani wa kampuni za meli hukohuko Hamburg au Liverpool au Naples kabla meli haijang'oa nanga, yeye anaita jina, anauliza maswali yake, anaweka alama. Na wakalimani walikuwepo. Fiorello La Guardia, yule aliyekuja kuwa meya wa New York, aliifanya kazi hiyo kuanzia 1907. Kwahiyo kama jina lilikosewa kwenye ile orodha, lilikosewa bandarini walikotokea.

Sasa nani alibadilisha? Mara nyingi wenyewe, tena baadae, wakishapata makazi. Schmidt akawa Smith, Müller akawa Miller. Kuna watu wanasema hao waliikana asili yao na hapo ndo naumia kabisa, maana mtu alikuwa anatafuta kazi na usalama wa wanae. Vita ya kwanza ya dunia jina la Kijerumani lilikuwa balaa, mpaka familia ya kifalme ya Uingereza ikaacha Saxe-Coburg and Gotha ikajiita Windsor, Julai 1917. Kama mfalme aliona bora abadilishe, fundi cherehani mgeni mjini angefanyaje?

Nyingine: "wanaandika tofauti na sisi, hao sio ndugu zetu." Sio kweli, zamani karani aliandika alivyosikia, na mwenye jina pengine hakujua kusoma. Ndo maana kuna mfumo unaitwa Soundex, ulisajiliwa 1918, ukatumika kupanga majina ya sensa za Marekani kwa sauti. Herufi ya kwanza inabaki ilivyo halafu konsonanti zinazofuata zinageuzwa namba, Smith, Smyth na Schmidt wote wanatoka S530. Ila ukiwa unatafuta ukoo kuwa makini na hiyo herufi ya kwanza, Cohn na Kohn zinakaa mbalimbali kabisa, lazima utafute kote.

Halafu hii ya "jina la mwisho ndo la ukoo". Mvietnam anaanza na la ukoo, Mhispania anabeba mawili na kwa kawaida la baba linatangulia, Msomali anataja lake, la baba na la babu, hana jina la ukoo kabisa, ndo unakuta baba na mtoto wanasumbuliwa ofisini eti majina hayafanani.

Pasipoti nayo, ile mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine haipokei alama juu ya herufi, herufi zake ni A mpaka Z tu, hivyo Müller pale chini anaweza kuwa MUELLER na ni mtu yuleyule, hajaghushi kitu.

La mwisho, "majina yao magumu". Nguyễn, jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote Vietnam, linaanza na ng' ileile ya ng'ombe, sisi tunaitamka toka utotoni. Muulize mwenyewe linatamkwaje, wala sio kumkosea adabu, akikurekebisha rudia tena mpaka aseme ndo hivyo.