Gauni jekundu, mbuzi na pimbi: tuliyoambiwa siku ya kwenda kuangalia wanyama

Jumamosi moja nilimwahidi binti yangu wa miaka minne kwamba tutakwenda Msalato, kwenye mnada wa mifugo, kuangalia wanyama. Kabla hajamaliza uji, majirani walishajua. Yeye mwenyewe ndiye aliyewatangazia, mlango kwa mlango, na kila mlango ulimrudishia ushauri.

“Wanyama wako Serengeti. Hapa Dodoma utamwonyesha nini?”

Hifadhi sizikatai. Ukitaka Ruaha unapitia Iringa, ukitaka Tarangire unapitia Kondoa na Babati, na kwenye hifadhi za taifa mtoto aliye chini ya miaka 5 halipiwi kiingilio. Lakini hiyo ni safari ya kulala huko, na wangu angeanza kuuliza “tumefika?” hata bwawa la Mtera njiani hatujaliona. Kwa umri wake, tembo aliye mbali kichakani ni doa la kijivu. Mbuzi anayempumulia usoni ni mnyama.

“Mvue hilo gauni jekundu, ng'ombe watamkimbiza.”

Hili lilisemwa na bibi wa nyumba ya tatu. Shikamoo yangu aliipokea, gauni akalikataa. Nikambadilisha mtoto, akavaa la bluu huku analia, kwa sababu bibi yule habishiwi.

Tukashuka kwenye daladala na watu wa kwanza tuliowaona katikati ya ng'ombe walikuwa wachungaji waliojitanda mashuka mekundu, mekundu kweli, na ng'ombe hata hawageuzi shingo. “Baba, mbona wao?” Sikuwa na la kujibu.

Ukweli ni kwamba jicho la ng'ombe lina aina mbili tu za chembe za kutambua rangi, sisi tuna tatu. Wekundu unaotung'aria sisi, kwake ni rangi iliyopooza. Kinachomshtua ni kitu kinachopepea ghafla, kelele, na mtoto anayekimbia ovyo. Na ng'ombe mwenye ndama mchanga usimsogelee hata ukivaa nyeupe.

Basi tukachuchumaa pembeni, mbali kidogo na msongamano. Mbuzi mmoja aliyefungwa kwenye mti alitukodolea macho. Binti akakaa kimya muda mrefu, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akasema: “Jicho lake limelala.” Nimekula mbuzi maisha yangu yote na sikuwahi kuliona hilo. Mboni ya mbuzi si duara kama yetu, ni ufa mpana uliolala, na unamwezesha kuona pande zote mbili hata akiwa ameinamisha kichwa kula. Adui akinyata kutoka ubavuni, anamwona.

Kwa ng'ombe aliyekuwa akicheua akagundua jingine: “Hana meno!” Nikataka kumsahihisha, bahati nzuri nikatazama kwanza. Ng'ombe kweli hana meno ya mbele ya juu. Ana ufizi mgumu tu. Majani anayazungushia ulimi, anayabana kati ya ufizi huo na meno ya chini, anavuta. Magego anayo, ndiyo hayo ya kusagia anapocheua.

“Punda ni mjinga.”

Punda akitilia shaka kitu husimama akakipima, pale ambapo farasi angetimua mbio. Sisi tunauita huko kusimama ujinga, tena tukiwa tumemrundikia madumu sita ya maji. Cha kumfundisha mtoto ni kutopita nyuma yake, maana nyuma kabisa hakuoni, na anaweza kupiga teke ghafla.

“Maziwa ya moja kwa moja kutoka kwenye kiwele ndiyo yenye nguvu.”

Yanaweza kuwa na vijidudu vya brusela, ugonjwa wa mifugo unaompata na binadamu, au vya kifua kikuu cha ng'ombe, hata kama ng'ombe mwenyewe ananawiri. Kuchemsha kunaua vijidudu hivyo, na protini na madini ya mifupa yanabaki. Mikono nayo ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa nyama choma. Tulisuguana hapo kwenye ndoo mpaka muuza nyama akacheka.

“Mbwa asiye na povu mdomoni hana kichaa.”

Hapa sina utani. Virusi vya kichaa cha mbwa vinaweza kuwamo kwenye mate siku kadhaa kabla mbwa hajaonyesha dalili yoyote. Mtoto aking'atwa, au akikwaruzwa mpaka ngozi ikachubuka, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Usipake pilipili, wala dawa ya kienyeji, wala usingoje kuona. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

“Pimbi ni panya wa mawe.”

Jioni tulipita kwenye miamba. Dodoma imejaa mawe makubwa yaliyobebana, na ukitulia utawaona pimbi wamejipanga juu yake wakiota jua la mwisho, kwa kuwa miili yao haitunzi joto vizuri. Mmoja huwa mlinzi. Akipiga kelele, wote wanazama kwenye nyufa.

Mjini tunaitana pimbi tukitaka kumdharau mtu. Lakini pimbi si panya hata kidogo. Ndugu zake wa karibu walio hai ni tembo na nguva. Vidole vyake vina kucha bapa kama za tembo, na meno yake mawili marefu ya juu ni ya mbele, kama zilivyo pembe za tembo. Panya hubeba mimba wiki tatu hivi. Pimbi, mdogo vile, hubeba miezi saba.

Nikamsimulia na ile ya Wagogo, kwamba zamani tembo alikuja kunywa maji akazama kwenye tope, watu wakasema *idodomya*, amedidimia, na mji ukabaki na jina hilo. Zipo simulizi nyingine za jina la Dodoma, ila mtoto huwezi kumpa zote kwa mpigo.

Akamtazama pimbi aliyebaki juu ya jiwe, akanitazama mimi.

“Na huyu alikuja kumtafuta?”

Giza lilikuwa linaingia. Nikambeba mgongoni tukashuka, na alipofika nyumbani akaenda moja kwa moja mlango wa tatu kumweleza bibi habari za mashuka mekundu.