Pato la mkoa na mfuko wa mkazi si kitu kimoja

Dhahabu ya Geita huhesabiwa kwenye pato la Mkoa wa Geita, yaani thamani ya vyote vinavyozalishwa humo, kwa sababu ndiko inakochimbwa, lakini faida ya mgodi huenda kwa wenye hisa walio mbali. Hifadhi ya Serengeti nayo, sehemu kubwa iko Mara na Simiyu, ila kampuni nyingi za utalii zina makao hapa Arusha. Anayepima pengo la kipato kati ya mikoa kwa kugawa pato la mkoa kwa idadi ya wakazi hupotoka mapema. Atumie kipato cha kaya.

Hesabu yenyewe ya kupima pengo hilo aliitumia mwanauchumi Jeffrey Williamson mwaka 1965. Chukua wastani wa kipato wa mkoa, toa wastani wa taifa, zidisha tofauti hiyo kwa yenyewe, kisha kwa sehemu ya watu wa nchi wanaoishi mkoa huo. Jumlisha mikoa yote, tafuta kipeuo cha pili, gawa kwa wastani wa taifa. Mikoa miwili yenye watu sawa, mmoja ukiwa na wastani wa shilingi milioni 3 na mwingine milioni 1, hutoa 0.5, usawa kamili ni 0. Wengi husahau idadi ya watu, na hapo mkoa mdogo hupewa uzito sawa na Dar es Salaam yenye watu 5,383,728 (sensa ya 2022).

Williamson aliona pengo likipanuka nchi inapoanza kukua, maana mitaji na vijana wenye ujuzi hukimbilia palipo na umeme na wateja, kisha likipungua. Huko kupungua hakuji kwenyewe. Hata kati ya vijiji na miji pengo lilikuwa wazi: mwaka 2017/18 umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulikuwa asilimia 31.3 vijijini na 15.8 mijini.

Na pengo hurudi kuuma ukuaji. Tazama kitunguu cha Mang'ola, wilayani Karatu. Gunia likijazwa lumbesa, yaani kupita kipimo chake, hadi kilo 120 na kulipwa kama la kilo 100, mkulima ametoa bure kilo 20, moja ya sita ya mzigo wake. Fedha hiyo hainunui mabati wala mbegu, na duka la pembejeo la Arusha mjini limekosa mteja. Barabara ya lami ya kupunguza pengo huchukua miaka na mabilioni. Mizani kwenye kituo cha kukusanyia mazao, na malipo kwa kilo, vinaweza kuanza msimu huu.