Kipeo tasa hakitoshi kuifanya namba iwe tasa

Wengi huamini kwamba ukichukua namba tasa yoyote, ukaifanya kipeo cha 2 (kwa mfano, kipeo 3 ni 2 × 2 × 2, yaani 8), kisha ukatoa 1, jibu lazima liwe namba tasa. Chanzo cha dhana hiyo kinaeleweka, kwa kuwa vipeo 2, 3, 5 na 7 hutoa 3, 7, 31 na 127, ambazo zote ni tasa; lakini kipeo kinachofuata, yaani 11, hutoa 2,047, na hiyo ni 23 mara 89.

Kanuni hii huenda upande mmoja tu: jibu likiwa tasa, basi kipeo nacho ni tasa, ila kipeo kuwa tasa hakuthibitishi lolote kuhusu jibu. Hata Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa ambaye namba hizi zimepewa jina lake, mwaka 1644 aliitaja namba 67 kuwa mojawapo ya vipeo vinavyotoa namba tasa. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kwamba sivyo, tena bila kupata kigawo hata kimoja, jambo ambalo kwangu ndilo la kustaajabisha zaidi; vigawo vyenyewe, 193,707,721 na 761,838,257,287, vilitolewa na Frank Nelson Cole mwaka 1903.

Ndiyo maana namba tasa iliyotangazwa Oktoba 2024 kuwa kubwa kuliko zote zilizokuwa zikijulikana, yenye kipeo 136,279,841 na tarakimu 41,024,320, haikukubaliwa kwa sababu tu kipeo chake ni tasa; ilibidi namba yenyewe ipimwe kwa kompyuta.