Toleo la karatasi na toleo la kidijitali: maana yake kwa jarida la hobi

Neno toleo lina maana mbili, na mara nyingi huchanganywa. Kuna toleo la mwezi huu au la mwezi uliopita, na kuna toleo kwa maana ya umbo ambalo jarida linamfikia nalo msomaji. Hapa tunazungumzia hilo la pili. Makala zinaweza kuwa zile zile na mhariri yule yule, lakini zikichapwa ni toleo moja, zikisomwa kwenye skrini ni jingine. ISSN, mfumo wa kimataifa wa kuyapa majarida namba, nao unayatenganisha hivyo: la karatasi lina namba yake, na la mtandaoni lina yake.

Kwa jarida la habari, tofauti hiyo ni ndogo. Msomaji anasoma, anaelewa, anaendelea na mambo yake. Jarida la hobi, liwe la ushonaji, useremala, bustani au ndege za kuunda kwa mkono, halisomwi tu. Linafanyiwa kazi. Linalazwa mezani kando ya mkasi, linashikwa kwa vidole vyenye gundi au udongo, linaandikwa kwa penseli pembeni. Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya fedha, ni hili: mikono ya msomaji inafanya nini anapoufungua ukurasa?

Chukua pateni, yaani kiolezo cha kukatia kitambaa, ya shati la mtoto. Kwenye jarida lililochapwa, pateni inakuja kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi pana iliyokunjwa. Mshonaji anaikunjua, anainakili na kukata. Kwenye faili, analazimika kuichapa mwenyewe vipande vipande kwenye karatasi za A4 na kuviunganisha kwa gundi. Printa nyingi zina chaguo la kuupunguza ukurasa ili uenee kwenye karatasi, na asipolizima, pateni nzima inasinyaa kidogo bila yeye kujua. Mikono inabana, kola haikutani. Ndiyo sababu wachoraji wa pateni makini huweka pembeni kisanduku cha majaribio, tuseme cha sentimita 5 kwa 5, na kumwambia mtumiaji akipime kwa rula kabla hajakata chochote. Mhariri anayetoa pateni za kidijitali bila kisanduku hicho anawaharibia watu kitambaa.

Lakini geuza mfano. Mfumaji wa kroshia anahesabu mishono kwenye mchoro wenye alama ndogo ndogo. Kwenye simu au kishikwambi anaukuza kwa vidole mpaka alama zinaonekana vizuri, na pale maelezo yanapomshinda anabonyeza video inayoonyesha uzi unavyopita. Karatasi haiwezi kumpa hilo. Na kukiwa na kosa, mathalani 96 mahali pa 69, faili inasahihishwa siku hiyo hiyo, ingawa aliyekwisha kuipakua anahitaji kujulishwa. Nakala iliyochapwa inabaki na kosa lake milele, na masahihisho yanasubiri toleo lijalo, wakati mtu ameshafumua kazi ya jioni mbili.

Sasa fedha. Katika uchapaji wa ofseti, nakala ya kwanza haijatoka na tayari mchapaji ametengeneza mabamba (vibao vya bati vyenye sura ya kurasa) na kuharibu karatasi kadhaa akisawazisha rangi. Gharama hiyo haibadiliki, uchape nakala 200 au 5,000, hivyo ukichapa chache kila moja inabeba mzigo mzito. Zipo mashine za kidijitali zisizohitaji mabamba (jina linawachanganya wengi, kwani zinachokitoa bado ni karatasi), nazo zinafaa kwa idadi ndogo. Kisha yanakuja usafirishaji, unaopanda kwa uzito, na nakala zinazorudishwa kutoka dukani bila kununuliwa. Upande wa kidijitali, nakala ya elfu moja haina gharama kubwa kuliko ya kumi. Hapo ndipo watu hukosea wakasema jarida la kidijitali ni la bure. Mwandishi, mpiga picha, mchoraji na msanifu wa kurasa wanadai jasho lao lile lile.

Karatasi ina nidhamu yake pia. Jarida linalobanwa kwa pini katikati lazima liwe na kurasa zinazogawanyika kwa 4, maana kila karatasi iliyokunjwa huzaa kurasa 4. Ukifikisha 33, unakata moja au unaongeza tatu. Picha yenye upana wa pikseli 1,200 inayong'aa kwenye simu, ukiichapa kwa kiwango cha kawaida cha nukta 300 kwa inchi, inatosha upana wa sentimita 10 hivi tu.

Hata neno kidijitali linaficha mambo. PDF, iliyoanza mwaka 1993, huuhifadhi ukurasa kama ulivyosanifiwa. Ni nzuri kwa michoro na pateni, inachosha kwenye skrini ndogo. EPUB, aina ya faili ya vitabu vya kielektroniki, huyaacha maandishi yajipange upya kufuata skrini, ikafaa makala ndefu na kuvuruga michoro. Halafu kuna programu ya kulipia kwa mwezi, ambayo mara nyingi msomaji akiacha kulipa hufungiwa hata matoleo aliyoyalipia. Kwa mtu wa hobi, anayerudia pateni ya miaka sita iliyopita, hilo ni jambo zito. Mimi ningempa faili abaki nayo.

Uamuzi wenyewe si wa kudumu. Newsweek, jarida la habari la Marekani, iliacha karatasi mwishoni mwa 2012 ikairudia 2014. Jarida dogo linaweza kutoka kama PDF kila mwezi, kisha kuchapa mara moja kwa mwaka zile kazi zilizopendwa zaidi, kwa oda zilizolipwa mapema.

Kama bado unasita, toa toleo la mwezi mmoja kwa maumbo yote mawili kwa wasomaji ishirini. Baada ya mwezi usiwaulize wanapenda lipi. Waombe wapige picha ya ukurasa walioutumia, kama ulivyo mezani. Utaona alama za penseli na matone ya rangi, au simu iliyoegemezwa kwenye kikombe, au karatasi za printa zilizobandikwa ukutani kwa gundi ya utepe.