Mwenzi katoweka, na fedha ya wakili huna

Shauri la talaka ambalo upande wa pili hauonekani kwa kawaida huwa jepesi kuliko lile la wanandoa wanaogombania hadi vijiko. Naanza na hilo kwa sababu wateja wengi waliotelekezwa hukaa miaka bila kufungua shauri, wakiamini ni lazima wamlipe wakili kuanzia siku ya kwanza hadi hukumu. Wengi wao wanahitaji saa chache tu za wakili, zitumike mahali panapouma.

Mahali penyewe ni kwenye wito, yaani hati ya mahakama ya kumwarifu mwenzako kuhusu shauri. Mahakama haitavunja ndoa yenu mpaka iridhike kwamba mwenzako amearifiwa, au kwamba umemtafuta kwa dhati ukamkosa. Ukimkosa, unaomba wito mbadala: tangazo gazetini, hati kubandikwa kwenye makazi yake ya mwisho, na mahakama nyingine siku hizi hukubali hata barua pepe. Ombi hilo huambatana na hati ya kiapo, na hapa ndipo wanaojisimamia hukwama. Wanaandika "nimemtafuta bila mafanikio" na kuishia hapo. Hakimu anataka kujua ulimuuliza nani, lini, na alikujibu nini: ndugu zake, mwajiri wake wa mwisho, mwenye nyumba aliyopanga. Kazi hiyo mpe wakili, mkubaliane kwa maandishi bei ya kazi hiyo peke yake. Si kila wakili hupenda kuajiriwa kipande kipande, lakini wapo. Wito ukikamilika na mwenzako akanyamaza, shauri husikilizwa upande mmoja, na hapo wengi husimama wenyewe wakafika.

Msaada wa bure? Upo, ila haulingani kila mahali. Kenya ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 na Tanzania ya 2017. Uingereza, kinyume chake, iliyaondoa mashauri mengi ya talaka kwenye msaada wa serikali mwaka 2013. Jaribu pia vitivo vya sheria vya vyuo vikuu na chama cha mawakili. Msamaha wa ada za mahakama ni ombi la peke yake, kwa hiyo uliza masjala hata kama umeshapata wakili wa bure.

Kabla ya kulipa chochote, uliza sheria ya kwenu inasemaje kuhusu utelekezaji, maana wakati mwingine inakupunguzia safari. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka wanandoa wapite kwanza kwenye baraza la usuluhishi, lakini aliyetelekezwa asiyejua mwenzake aliko halazimiki.

Kuna wakati sishauri kubana matumizi: nyumba ikiwa kwa jina la mwenzako, kukiwa na mkopo mlioutia saini pamoja, au akiwa ameondoka na watoto. Hapo tafuta wakili wa kukusimamia moja kwa moja, hata kwa kulipa kwa awamu.

Kuomba mwenzako alipe gharama za shauri ni haki yako, japo sitakudanganya: amri dhidi ya mtu asiyejulikana aliko hukaa kwenye faili. Yeye, kwa upande wake, anaweza kuibuka akaomba hukumu itenguliwe kwa madai kwamba hakupata wito. Kwa hiyo nakala za tangazo, kiapo na kumbukumbu za kumtafuta usizitupe hata baada ya talaka kutoka.