Bima ya nini, meli si yao?

"Mzigo ukipotea, wenye meli watalipa." Wiki hii nimeambiwa tena, na mteja aliyekuwa anafunga kontena lake la kwanza bila bima. Zaidi ya asilimia 80 ya biashara ya dunia, kwa ujazo, hupita baharini, na bado wenye mizigo wengi wanaamini hivyo. Inaniuma, maana hugundua ukweli wakati hasara imeshaingia.

Chini ya Kanuni za Hague-Visby, yaani kanuni za kimataifa za kubeba mizigo baharini, msafirishaji halipi hasara iliyotokana na hatari za bahari, wala kosa la nahodha katika kuongoza meli. Akiipandisha mwambani, hasara ni yako. Pale anapowajibika kulipa, kuna kikomo, kinachohesabiwa kwa SDR, kipimo cha fedha cha IMF: SDR 666.67 kwa kifurushi au SDR 2 kwa kilo, kile kilicho kikubwa. Sasa tazama hati yako ya shehena. Ikisema "kontena 1" tu, tani 10 zako zinahesabiwa kifurushi kimoja na kikomo kinaishia SDR 20,000, hata kama mali ina thamani mara kumi ya hapo. Ikisema "katoni 1,000", kila katoni ina kikomo chake. Nawasihi kila siku: idadi ya katoni iandikwe!

Halafu kuna mchango wa hasara ya pamoja: gharama za kuokoa meli iliyo hatarini hugawanywa kati ya mwenye meli na wenye mizigo wote. Meli ya makontena Ever Given ilikwama Mfereji wa Suez Machi 23, 2021, ikanasuliwa siku sita baadaye. Mwenye meli akatangaza mchango huo, na wenye mizigo wakatakiwa kuweka dhamana kwanza ndipo wapewe makontena ambayo hayakuwa na hata mkwaruzo. Mwenye bima huwekewa dhamana na kampuni yake. Asiye nayo hutafuta fedha taslimu.

"Nimenunua CIF, muuzaji ameshakata bima." CIF ni bei yenye mzigo, bima na nauli ndani yake, lakini Incoterms 2020, kanuni za kimataifa za masharti ya mauzo, inamtaka akate bima ya kiwango cha chini tu, inayoitwa Kundi C. Wizi haumo.

Na nje ya bima, nasikia pia: "Ndege inatoza kilo." Inatoza na nafasi: sentimita za ujazo 6,000 ni kilo moja. Katoni ya mito ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40 hulipiwa kilo 20, hata ikiwa na 5.

"Meli imefika, basi mzigo umefika." Bado. Siku za bure za kontena ni chache, na nyaraka zikichelewa unalipa storeji (ada ya kukaa bandarini) na demareji (ada ya kuchelewesha kontena la kampuni ya meli). Zikabidhi kwa wakala wako meli ikiwa bado njiani.